Maji, Kivuli na Ngoma: Jinsi Wachina wa Kale Walivyoupima Wakati

Sima Qian, mwandishi mkuu wa tarehe za Wachina, aliyeishi yapata miaka mia moja kabla ya kuzaliwa Nabii Isa, amehadithia habari za jemadari mmoja wa dola ya Qi, jina lake Sima Rangju, aliyekabidhiwa jeshi na mtawala wake siku ambazo nchi ilikuwa imebanwa na maadui pande mbili; naye kwa kuwa alikuwa mtu wa daraja ya chini, na askari hawajamzoea, aliomba aongezewe mtu mwenye jaha awe mwangalizi wa jeshi, akapewa Zhuang Jia, kipenzi cha mtawala. Wakapeana miadi wakutane kesho yake adhuhuri, langoni pa kambi. Rangju alitangulia, akasimika mti juani ili autazame uvuli wake, akaweka na chombo cha maji yanayotona, akangoja. Zhuang Jia naye alikuwa amekaa na jamaa na marafiki wakimuaga kwa vinywaji, wala hakuona sababu ya kuharakia kambi ambayo aliihesabu kuwa yake. Uvuli ukafupika hata usiweze kufupika zaidi, maji yakafika penye alama yake, na njia ikawa tupu. Hapo Rangju akauangusha ule mti, akayamwaga yale maji, akaingia ndani, akalipanga jeshi na kulisomea amri zake. Jua lilipokuwa linakuchwa ndipo Zhuang Jia alipofika na udhuru wake wa kuagwa na watu. Rangju akamwita mwenye kushika sheria za jeshi, akamwuliza imeandikwaje juu ya mtu achelewaye miadi, akajibiwa kwamba hukatwa kichwa. Mjumbe alipelekwa mbio juu ya farasi kumwombea mkosa kwa mtawala, lakini kabla hajarudi hukumu ilikuwa imekwisha kupita.

Kisa hiki husimuliwa kwa ajili ya adabu ya jeshi, lakini mwenye kupenda habari za wakati atatua penye yale maji yaliyomwagwa. Jemadari alikuwa na mashahidi wawili, mmoja wa mbinguni na mmoja wa mikono ya watu, nao walisema neno moja. Walipokwisha kulisema akawaondosha, kama kadhi avunjavyo baraza. Kwa Wachina wa kale wakati ulikuwa amana: mbingu ndizo zilizouweka, mfalme ndiye aliyekabidhiwa, na raia walikuwa na haki ya kuudai kwake, na kila aliyepewa kuulinda, awe mnajimu wa ikulu au mzee wa kuchochea moto ili maji ya mtungi yasigande, alishika fungu lake la amana hiyo. Nitakayoyaeleza humu ni habari za walinzi hao na vyombo vyao, maana saa zao, kabla ya kuwa hesabu, zilikuwa kazi ya mtu aliyekesha.

Walianza kuhesabu siku kabla ya kuhesabu saa. Katika mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe yaliyofukuliwa karibu na mji wa Anyang, ambayo wafalme wa ukoo wa Shang waliyatumia kupigia ramli yapata miaka 1200 kabla ya Isa, ramli imeandikiwa siku yake, na siku hutajwa kwa majina mawili yaliyofungwa pamoja, moja limetoka katika fungu la majina kumi na la pili katika fungu la majina kumi na mawili, mafungu hayo yakizunguka sambamba hata siku sitini zikatimia ndipo jozi ya kwanza irudi mahali pake. Juma lao lilikuwa la siku kumi, na jina lake, xun, lingali vinywani mwa Wachina wa leo wanapotaja mwanzo, katikati au mwisho wa mwezi. Mzunguko ule wa sitini baadaye ulivishwa miaka pia, na haujakatika hata sasa.

Ama mchana na usiku, watu waliugawa kwanza kwa kazi zao na mifugo yao, vile vile kama wazee wa pwani yetu walivyosema majogoo na mafungulia ng'ombe kabla saa ya ukutani haijaingia majumbani. Mwaka 1975, mahali paitwapo Shuihudi katika jimbo la Hubei, lilifukuliwa kaburi la karani mmoja wa dola ya Qin, aliyezikwa katika karne ya tatu kabla ya Isa pamoja na vipande vingi vya mianzi vilivyoandikwa sheria na mambo ya falaki. Na katika vipande hivyo sehemu za siku zimepangwa kumi na mbili, nazo zina majina ya kupendeza: kuwika jogoo, kuchomoza jua, wakati wa kula, jua kuwa katikati, jua kuinama, soko kuvunjika, ng'ombe na kondoo kuingia zizini, giza la jioni, na watu kutulia. Sisi tulikuwa na saa ya ng'ombe kufunguliwa, wao walikuwa na saa ya ng'ombe kurudi. Lakini kila jina la kazi hapo limeambatishwa na jina moja la lile fungu la kumi na mbili lililokuwa la siku, na kwa ambatano hilo karani yule ametuachia ushahidi wa wakati ule ambapo saa zilikuwa zikihama kutoka zizini kwenda katika daftari.

Mgawo huo wa kumi na mbili ndio uliodumu. Kila sehemu, iitwayo shichen, ni sawa na saa mbili zetu, na kila moja ilipewa mnyama wake, hawa hawa ambao wengi wetu tumewasikia wakitajwa kwa miaka. Ya kwanza, zi, saa ya panya, huingia saa tano ya usiku na kutoka saa saba, hata saa sita kamili ya usiku ikawa kitovuni pake. Hufuata ya ng'ombe, kisha ya chui wa milia, kisha mao, saa ya sungura, ambayo huyashika mapambazuko. Na ukiendelea hivyo kupitia joka na nyoka utafika kwa wu, saa ya farasi, iliyolibeba jua la utosini kama vile panya alivyoubeba usiku wa manane. Sisi huanza kuhesabu jua linapochomoza na tena linapozama. Wao walianza pale giza lilipokuwa zito kabisa, kwa itikadi kwamba ndipo nuru ya siku ya kesho hutungwa mimba. Majina haya hayakubaki kwa wanajimu tu. Makarani wa serikali waliitwa majina yao saa ya mao, na ndiyo asili ya neno la Kichina la kuita mahudhurio. Na hata leo Mchina akitaja asubuhi husema kabla ya wu, akitaja alasiri husema baada ya wu, na adhuhuri kwake ni katikati ya wu, ijapokuwa mkononi amevaa saa iliyotengenezwa Uswisi.

Lakini palikuwa na mgawo mwingine uliokwenda kando ya huo, nao haukukubaliana nao. Mchana na usiku pamoja viligawanywa sehemu mia moja, na kila sehemu iliitwa ke, maana yake ni chanjo, kwa kuwa ilichanjwa kwa kisu juu ya kijiti kilichokaa ndani ya saa ya maji. Mtu akizigawa chanjo mia kwa shichen kumi na mbili hupata nane na theluthi moja, na theluthi hiyo iliwasumbua watu wa hesabu kwa muda wa miaka zaidi ya elfu moja na nusu. Mwaka wa 5 kabla ya Isa mfalme Ai wa ukoo wa Han aliamuru ziwe 120, ambazo zingaligawanyika bila baki, lakini amri ikatanguka upesi. Mwaka 507 mfalme Wu wa Liang alizifanya 96, na mwaka 544 akazibadili tena kuwa 108, na baada yake watu wakarudi kwenye mia yao. Yamkini mtu wa leo atastaajabu kwa nini hawakuchagua hesabu nyepesi wakaishika. Mimi naona jibu limo katika vile vijiti: jedwali zote za falaki, na mazoea yote ya mikono iliyozichonga alama, yalikuwa yamejengwa juu ya mia, na hesabu iliyokwisha kuchanjwa katika mti haiondolewi kwa fatwa ya siku moja.

Basi na tukitazame chombo chenyewe. Kitabu cha kale kinachoeleza kazi za watumishi wa serikali ya Zhou kinamtaja mtumishi ambaye kazi yake ni kuangika mtungi. Huulinda kwa maji na kwa moto, moto wa kumulikia alama usiku, na wakati wa baridi kali huchemsha maji katika chungu akayatia mtunguni yasigande. Mitungi ya kwanza ilikuwa sahali: chombo cha shaba, tundu dogo lenye mrija chini yake, kifuniko chenye upenyo, na kijiti kilichosimama juu ya boya kikishuka kadiri maji yanavyotoka; chombo kimoja cha namna hiyo kilizikwa pamoja na Liu Sheng, mwana wa mfalme wa Han, aliyefariki mwaka 113 kabla ya Isa, kikaonekana tena katika kaburi lake huko Mancheng. Sasa, mtu yeyote aliyewahi kulitoboa pipa anajua kwamba maji yakiwa mengi hutoka kwa nguvu, na yakipungua hutoka kwa unyonge, hata chanjo ya jioni ikawa ndefu kuliko ya asubuhi. Dawa waliyoivumbua ilikuwa kuweka mtungi mwingine juu ya ule wa kwanza ili uujaze kila unapopungua, na mwingine juu ya huo, na kukiweka kijiti katika chombo cha mwisho kinachopokea maji, ili badala ya kushuka kipande. Zhang Heng, mnajimu mashuhuri wa karne ya pili, alitumia mitungi ya namna hiyo, na waliokuja baadaye wakazidisha.

Ajabu ni kwamba mtungi mmoja wa ukoo huu tunao hata leo tukautazama kwa macho. Mwaka 1316, zama Wamongolia walipokuwa wakiitawala Uchina, mafundi wa mji wa Guangzhou walisubu vyombo vinne vya shaba, wakavipanga kama ngazi, kila kimoja juu ya kipandio chake: cha juu kiliitwa chombo cha jua, cha pili cha mwezi, cha tatu cha nyota, na cha nne, kilichokaa chini kuliko vyote, ndicho kipokea maji. Katikati ya kifuniko cha hicho cha nne imesimama fimbo ya shaba yenye alama za zile shichen kumi na mbili, na mbele yake hupanda ufito wa mbao uliokaa juu ya boya, taratibu mno hata jicho haliuoni ukienda, kama kivuli kisivyoonekana kikitambaa uani. Vyombo hivyo vilifanya kazi katika mji ule kwa muda wa karne kadhaa, na sasa vimewekwa katika jumba la makumbusho ya taifa huko Beijing, vikavu.

Kijiti kimoja hakikutosha, maana mchana wa kaskazini hurefuka na kufupika kuliko huu wetu wa karibu na ikweta. Desturi ilikuwa kuuhesabia mchana wa siku fupi kupita zote chanjo arubaini na usiku wake sitini, na katika siku ndefu kupita zote kinyume chake. Kwa hiyo walibadili vijiti kila baada ya siku tisa, wakiongeza au kupunguza chanjo moja. Mwaka 102 mtu mmoja aitwaye Huo Rong aliwaonyesha wakubwa kwamba jua halitembei kwa kufuata siku tisa tisa, na kwamba kijiti chapasa kibadilishwe kwa kadiri jua lenyewe linavyosogea kaskazini au kusini; wakamkubalia, na vijiti vikawa 48. Fikiri kazi ya kuvichonga, kuviweka kwa mpango katika sanduku, na kukikumbuka kila mara kile ambacho zamu yake imefika.

Karne tisa na kitu baadaye, Shen Kuo, ambaye alizaliwa mwaka 1031 na kuisimamia idara ya falaki ya wafalme wa Song, alikaa na mitungi yake zaidi ya miaka kumi akaipima na jua, akaona kitu ambacho wengine walikisingizia ubaridi. Walisema wakati wa baridi maji huwa mazito, na wakati wa joto huwa mepesi, ndiyo sababu mitungi na jua havipatani. Shen Kuo akaitengeneza mitungi yake hata isiwe na lawama, tofauti ikabaki. Akaandika kwamba kasoro haimo katika maji, imo katika mwendo wa jua, na kwamba siku ya kaskazi, jua lilipo kusini kabisa, tangu adhuhuri hata adhuhuri, huzidi kidogo chanjo mia. Leo tunajua kwamba siku hizo za Desemba huzidi saa ishirini na nne kwa nusu dakika hivi. Kuipata nusu dakika kwa maji yanayotona, kwa kukesha na kuandika mwaka baada ya mwaka, ni jambo ambalo kila ninapolikumbuka hunifanya niwaheshimu zaidi watu wale.

Ni lazima niseme neno juu ya kalenda, ingawa ni bahari peke yake. Mfalme wa Uchina aliitwa mwana wa mbingu, na ithibati ya kwanza ya unasaba huo ilikuwa kwamba kalenda aitoayo yakubaliana na mbingu. Mwezi ukiandama siku aliyosema, na jua likipatwa saa aliyosema, basi yeye ndiye. Mwaka 104 kabla ya Isa mfalme Wu wa Han alitoa kalenda mpya iliyosawazisha miezi na jua kwa kuingiza miezi saba ya nyongeza katika kila miaka kumi na tisa, na majira ishirini na manne ya mwaka, yaliyomwongoza mkulima katika kupanda na kuvuna, yakapewa mahali pake humo. Kwa sababu hiyo hiyo kalenda haikuwa mali ya kila mtu: mwaka 835 serikali ya Tang ilipiga marufuku watu kuchapa kalenda zao wenyewe, maana zilikuwa zikiuzwa sokoni kabla ile ya mfalme haijatoka.

Sasa msomaji atauona uzito wa yale yaliyompata Su Song mwaka 1077. Alitumwa na mfalme wa Song kwenda kaskazini katika dola ya Liao, kumpongeza mfalme wa huko katika sikukuu ya kuzaliwa kwake, iliyoangukia siku ile fupi kupita zote. Alipofika akakuta kwamba kalenda ya wenyeji wake imeiweka siku hiyo kesho yake, ilhali ya kwao inasema ni leo. Na mbaya zaidi, yeye mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mjuzi wa falaki, alitambua kwamba wenyeji ndio waliosibu. Afanye nini balozi? Akikiri, amekiri kwamba mbingu zinasikilizana na Liao kuliko bwana wake. Akikana, amesema uwongo mbele ya wajuao. Akawajibu kwa utulivu kwamba watu wa hesabu hutofautiana kidogo: jambo la mbinguni likitukia mwishoni mwa hai, saa ya mwisho kabla ya zi, hilo ni la usiku huu, likikawia chanjo chache tu, limeingia katika saa ya zi, nalo ni la kesho, basi kila upande na ufuate kalenda yake. Wenyeji wakaridhika, na sherehe zikafanyika. Aliporudi nyumbani mfalme akamwuliza, kwani ni ipi iliyokuwa sawa? Su Song akamwambia kweli, na maofisa wa idara ya kalenda wakaadhibiwa.

Yeye hakuisahau siku hiyo. Miaka tisa baadaye alipoamriwa kutengeneza chombo kipya cha falaki alimtafuta karani mmoja wa serikali, Han Gonglian, hodari wa hesabu, na wawili hao wakasanifu mnara ambao mfano wake wa mbao ulisimamishwa mwaka 1088 katika mji mkuu wa Kaifeng, na vyombo vya shaba vikafuata. Urefu wake ulikuwa mita kumi na mbili hivi. Juu kabisa, chini ya paa linaloweza kufunguliwa, ilikaa tufe ya pete za shaba ya kupimia nyota. Chini yake, chumbani, tufe nyingine iliyochorwa mbingu zote, ikizunguka pamoja nazo, hata mtu aliyejifungia ndani aliweza kusema ni nyota gani inayopanda nje. Na mbele, kama baraza za ghorofa tano, palikuwa na milango midogo ambamo wanasesere wa mbao walitokeza kwa zamu, mmoja akatikisa kengele saa inapoingia, mwingine akagonga kengele saa inapofika katikati, mwingine akapiga ngoma kila chanjo inapotimia.

Moyo wa mnara huo ulikuwa gurudumu kubwa lenye vikombe 36 ukingoni. Maji, yaliyotoka katika birika ambalo kimo chake hakibadiliki, yalijaza kikombe kimoja. Kikombe hakikuweza kuteremka kwa kuwa kilizuiwa na wenzo wenye mzani, hata kilipojaa kadiri yake kikaushinda mzani, kikauangusha wenzo, wenzo ukavuta mnyororo, mnyororo ukainua komeo lililoko juu ya gurudumu. Gurudumu likaenda hatua moja, komeo likashuka tena, na kikombe kilichofuata kikaja kukaa chini ya maji. Kujaa, kushinda, kwenda, kuzuiwa, mchana na usiku: huko kwenda na kuzuiwa ndiko kunakozifanya saa za magurudumu za siku hizi zigonge. Na maji yaliyomwagika chini hayakupanda yenyewe. Palikuwa na magurudumu ya kuyatekea, na watu wa kuyazungusha kwa mikono. Su Song aliandika kitabu chenye michoro ya kila kiungo, ndiyo sababu tunayajua haya. Mwaka 1127 Wajurchen waliuteka mji wa Kaifeng, wakaung'oa mnara, wakauchukua kaskazini hadi mji ambao baadaye ulikuwa mji wao mkuu, mahali ilipo Beijing ya leo. Lakini nyota ya kaskazini haikuonekana tena katika bomba la kutazamia pale ilipozoea kuonekana, kwa maana mji ule uko juu zaidi kuelekea kaskazini, ikabidi bomba lisogezwe. Hatimaye vyombo vikachakaa, na mwenye kuvijua hakuwapo.

Waliokuja nyuma waliurudia mti na kivuli. Guo Shoujing, mnajimu wa Kublai Khan, hakutaka mti wa futi nane uliozoewa tangu zamani, akasimamisha wa futi arubaini za Kichina, na mmoja wa minara yake ungalipo Gaocheng katika jimbo la Henan, na mbele yake njia ndefu ya mawe ambamo kivuli kilianguka. Kalenda aliyoitengeneza, iliyotolewa mwaka 1281, iliuhesabu mwaka kuwa siku 365.2425, nayo ndiyo hesabu iliyotumika Ulaya baadaye katika kalenda ya Baba Mtakatifu Gregori ya mwaka 1582.

Lakini raia wa kawaida hakupata kuyaona hayo yote. Yeye wakati aliusikia. Katika mji wa Chang'an, zama za Tang, maji ya mchana yalipokwisha ngoma ilipigwa mapigo mia nne, malango yakafungwa. Yakafuata mapigo mia sita, na milango ya mitaa nayo ikafungwa, na aliyekutwa njiani baada ya hapo bila ya ruhusa alichapwa fimbo ishirini. Fikiri mtu aliyekawia kwa rafiki yake, ameyasikia yale mia nne, na sasa anahesabu mia sita huku miguu yake ikikimbia. Usiku wenyewe uligawanywa zamu tano, ziitwazo geng, ndefu wakati wa baridi na fupi wakati wa joto, kwa kuwa usiku ndio uliogawanywa. Na zamu ya tatu daima ilikuwa kitovu cha usiku. Walinzi walizunguka mitaani wakigonga kibao na upatu, na aliyeamka kwa homa au kwa mtoto alihesabu mapigo akajua amebakiwa na kiza kiasi gani.

Penye shida ya maji watu walitumia moto. Walisokota ufito wa ubani ulioungua kwa kipimo, au wakatandaza unga wake juu ya majivu katika mchoro wa mzingo, moto ukautambaa kwa saa nyingi. Na palikuwa na vyombo vyenye umbo la joka ambapo uzi uliofungwa vipira vya shaba ulilazwa juu ya ufito, moto ukifika uzi hukatika na vipira vikaanguka juu ya sinia vikalia. Mabaharia ndio walioupenda ubani kupita wote, kwa sababu mtungi wa maji hauna amani ndani ya jahazi linaloyumba. Wao waliugawa mchana na usiku zamu kumi, wakapima kwa fito za ubani, na vitabu vyao vya safari husema: fuata sindano ya dira upande fulani, kwa zamu kadhaa. Kwa hesabu hiyo, mwanzoni mwa karne ya kumi na tano, majahazi ya jemadari Zheng He yalivuka bahari ya Hindi hata yakafika pwani yetu. Katika ramani ya safari hizo Malindi na Mombasa zimeandikwa kwa herufi za Kichina, na mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alipelekwa mbele ya mfalme Yongle. Zamu ngapi za ubani ziliungua baina ya pwani hizi mbili, na harufu ya udi, ambayo nyumba za Malindi ziliijua kwa mambo mengine kabisa, ilimfikia mwenye kushika usukani kama habari ya umbali aliokwisha kwenda.

Mwaka 1601 padri Matteo Ricci alimletea mfalme Wanli saa za magurudumu zinazojigongea zenyewe, na matowashi wa ikulu wakafundishwa kuzitia ufunguo. Mwaka 1645, katika kalenda iliyotengenezwa na padri mwingine, Johann Adam Schall von Bell, kwa amri ya watawala wapya wa Qing, zile chanjo mia ziliachwa moja kwa moja zikawa 96, na theluthi ile ya kale ikaondoka. Tangu hapo ke ni dakika kumi na tano, robo ya saa, kama isemwavyo mpaka sasa. Ama saa ya Kizungu, kwa kuwa ilikuwa nusu tu ya shichen, Wachina waliiita saa ndogo, na jina hilo ndilo walilo nalo leo.

Mnara wa ngoma wa Beijing ulijengwa kwanza mwaka 1272, zama za Kublai, ukajengwa tena mwaka 1420, na nyuma yake ukawekwa mnara wa kengele, ambao kengele yake ina uzito wa tani 63. Juu ya mnara wa ngoma palikuwa na ngoma kuu moja na ndogo ishirini na nne, kwa idadi ya majira ya mwaka. Saa ya maji iliyokaa humo iliondoka, fito za ubani zikashika mahali pake, na wapigaji waliendelea kuzipanda ngazi zile za mawe usiku baada ya usiku, wakapiga kumi na nane za haraka, na kumi na nane za polepole, na kumi na nane za wastani, kisha wakazirudia zote mpaka zikatimia 108, na ng'ambo ya uwanja kengele ikaitika. Mwaka 1924 Puyi, mfalme wa mwisho, alitolewa katika ikulu yake, na mapigo ya saa yakakoma. Ngoma moja ya zamani, ile kuu, ingali juu huko mpaka leo, na ngozi yake imechanika.